Nondo wa kijani mwenye mikia mirefu, pembeni mwa Mikumi: ni aina gani, na kwao ni wapi hasa?

Ticha_Doma (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wa kumtambua mdudu aliye kwenye picha nne nilizoambatanisha. Jana usiku mvua ilipokata, taa ya nje ya nyumba za walimu ilizungukwa na kumbikumbi kama ilivyo kawaida ya msimu, na katikati yao akatua huyu. Ukimweka kiganjani anakizidi kiganja. Rangi yake ni kijani kinachoelekea manjano, kila bawa lina doa la duara lililo kama jicho, na mabawa ya nyuma yana mikia mirefu inayojipinda kidogo. Mkia mmoja umekatika, alikuja nao hivyohivyo. Mwili mnene wenye manyoya. Vipapasio vifupi, vipana, vyenye matawi matawi.

Nimempitisha kwenye programu ya simu ya kutambua wadudu, ikasema Actias luna, tena kwa uhakika mkubwa. Nikasoma habari za huyo luna, zote ni za Marekani. Sasa Marekani na huku kwetu Doma wapi na wapi? Darasani wameshagawanyika, wengine wanasema kaja na meli, wengine wananishauri nimchome moto na chumvi.

Mazingira ya hapa: upande mmoja pori la miyombo, upande wa pili mashamba ya alizeti na ufuta. Miti mikubwa iliyoachwa mashambani mingi ni ming'ongo. Wajuzi karibuni.

Bwana_Kijiwe
Mdudu mkubwa hivyo akiingia nyumbani mgeni yuko njiani. Ticha funga kuku mmoja, tutakuletea majibu baadaye.

Mzee_wa_Takwimu
Mbona jibu umeshalipata? Programu hizo zimefunzwa kwa mamilioni ya picha, mimi na wewe tumeona nondo wangapi? Na hoja ya kwamba "ni wa Marekani" haina nguvu siku hizi. Viwavijeshi vamizi wanaokula mahindi yetu ni wa Amerika. Walithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016, mwaka uliofuata tayari walikuwa Tanzania. Mdudu haombi viza.

Bi_Mrihi
Ticha, shikamoo za walimu zote, na ahsante kwa picha, hasa ile ya tatu uliyopiga kwa ubavu. Mimi niko Kilifi, upande wa Arabuko-Sokoke, na jamii hii ya nondo nimeizoea.

Kabla ya ramani, tumwangalie mdudu mwenyewe. Tazama ukingo wa mbele wa bawa la mbele. Luna ana mstari wa zambarau iliyoiva unaotoka ncha ya bawa moja, unapita mabegani na kwenda ncha ya bawa la pili. Wako hana hata chembe ya zambarau. Ana utepe mnene wa kijivu, wenye manyoya, rangi ya gome kavu. Akikunja mabawa juu ya kitawi, utepe ule ndio unaomficha, macho yako yanaona kijiti na majani mawili tu. Hiyo peke yake inatosha kumwondoa luna.

Halafu yale madoa ya macho. Ya luna ni madogo, membamba, yamepauka. Ya huyu ni makubwa, yana wekundu wa kahawia na duara la manjano. Mkia uliosalia nao una wekundu huohuo, na ni mrefu kuliko bawa lililoubeba. Usiusumbukie ule uliokatika. Urefu wa mkia si kipimo kizuri kwa nondo wa taa, wengi hufika wakiwa wameshauacha njiani.

Huyu ni Argema, familia ya Saturniidae, nondo wakubwa wasiokula. Namaanisha hawali kabisa: akishatoka kwenye kifukofuko kinywa chake hakifanyi kazi, anaishi kwa mafuta aliyoweka akiwa kiwavi, takriban wiki moja, kisha basi. Hivyo vipapasio vipana vinaonyesha ni dume. Jike hukaa mahali pamoja akitoa harufu, dume ndiye anayeifuata gizani, na kwenye safari hizo ndipo taa zetu zinapomteka.

Spishi tutaifikia. Nadhani ni Argema mimosae, iliyoelezwa na Boisduval mwaka 1847. Ila nina swali moja, Ticha: kwenye matawi ya ile ming'ongo umewahi kuona vifuko vya kung'aa rangi ya fedha, vigumu, vyenye vitundu vidogo vidogo?

Mbongo_Maryland
Nawasalimu kutoka ughaibuni. Luna ninamwona hapa kila mwaka ukutani chini ya taa ya baraza, na naungana na Bi Mrihi, huyo wa Ticha siye. Luna rangi yake ni kijani kilichopoa, karibu na maji ya bahari. Huyo wenu ana umanjano.

Niwaongezee kuhusu makazi yake, maana watu wanasema "Marekani" kana kwamba ni nchi nzima. Luna ni wa mashariki: kuanzia Kanada kwenye Nova Scotia kushuka hadi Florida na Texas, na upande wa magharibi anakomea nyanda kubwa za majani zinapoanza na misitu ya miti ya majani mapana kuisha. Ukienda California humpati porini. Viwavi wake hula jozi, hikori, betula na miti mingine ya huku. Kaskazini hutoa kizazi kimoja kwa mwaka, kusini viwili hata vitatu. Kifukofuko chake ni chepesi, amekizungushia majani, na majani yakipukutika nacho kinaanguka chini. Sio hicho kigumu cha kung'aa anachokiuliza Bi Mrihi.

Kuhusu mkia uliokatika: mwaka 2015 watafiti wa huku walitoa matokeo ya jaribio wakitumia popo hai na luna hai gizani. Luna waliokatwa mikia walikamatwa zaidi. Wenye mikia, zaidi ya nusu ya mashambulizi ya popo yaliangukia kwenye mikia, kwa sababu inapozunguka hewani inarudisha mwangwi unaomchanganya popo. Anang'ata mkia, nondo anaendelea na safari. Kwa hiyo Ticha, huenda mgeni wako alifika kwako na hadithi.

Mzee_wa_Takwimu
Nawasoma. Bado sijajibiwa kuhusu viwavijeshi. Kama wale walivuka Atlantiki, luna anazuiwa na nini?

Bi_Mrihi
Anazuiwa na tumbo lake, kaka. Nondo wa kiwavijeshi vamizi hunywa nekta, huruka masafa marefu akipanda upepo, na akitua popote Afrika anakuta mahindi, yaani chakula cha wanawe kimeshapandwa na kupaliliwa. Hata akifika mmoja kwenye shehena anaweza kuanzisha ukoo. Luna ana wiki moja ya kuishi, hali, na hapa Doma hakuna hikori. Hata ukimletea jike mwenye mayai ukamwachia msituni, viwavi watakufa njaa kwenye mrihi na mtondo. Ndiyo maana kwa mdudu kama huyu naiamini bahari kuwa mpaka, na kwa kiwavijeshi siiamini.

Na picha za makumbusho na mabanda ya vipepeo ya Ulaya zisikuchanganye. Nondo wa jamii hii hufugwa, na pupa wao, yaani mdudu akiwa bado ndani ya kifukofuko, huuzwa dunia nzima. Argema mittrei, yule mkubwa kuliko wote wa ukoo huu, mikia yake hufika sentimita 15, utamkuta kwenye kioo London au Munich. Kwao porini ni Madagaska peke yake. Mahali alipopigwa picha na mahali pa asili ni mambo mawili.

Nyerere_Sq_Dodoma
Huu uzi mtamu. Huku kwetu ming'ongo ipo kibao lakini huyo mdudu sijawahi kumuona maishani.

Mzee_wa_Takwimu
Haya, sasa nawarudishia hoja yenu. Nimefungua ramani za GBIF, ile hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, za hiyo Argema mimosae. Nukta zimejaa Afrika Kusini mpaka zinapandana. Zimbabwe zipo. Tanzania ni za kuhesabu kwa vidole, na sehemu za Mikumi sioni kitu. Mmemkataa luna kwa sababu ramani yake haifiki hapa. Kwa kipimo hichohicho mimosae naye akataliwe. Au ramani inasema kweli tu pale inapowapendeza?

Bi_Mrihi
Hilo ndilo swali la maana kuliko yote humu, na nitalijibu kwa kirefu, mnivumilie.

Nukta kwenye ramani zile haimaanishi "nondo yupo". Inamaanisha "nondo alikuwepo, na mtu alikuwepo, na mtu yule alikuwa na kamera au pini ya makumbusho, na akajisumbua kuandika". Hospitali ikiwa mbali, kijiji hakiwi hakina wagonjwa, daftari ndilo halina majina. Afrika Kusini ina watu wengi wenye desturi ya kutandika shuka jeupe na taa usiku wakaweka picha asubuhi iNaturalist, mtandao wa kuwekea kumbukumbu za viumbe. Kati ya Mikumi na Mto Ruaha usiku ni wa nani? Wa mkaa, wa walinzi wa hifadhi na wa fisi.

Ukisoma pengo kwenye ramani, jiulize mambo mawili. La kwanza, je, watu wamemtafuta pale wakamkosa, au hawajamtafuta? Magharibi mwa Marekani watu wanatazama nondo kila usiku na luna hawamwoni. Pengo lile lina uzito. Pengo la Mikumi ni giza tu. La pili, je, upande huu na upande ule wa pengo kuna nini? Mimosae anajulikana kutoka Kenya, anapita Tanzania, Malawi, Zimbabwe na Msumbiji hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Doma iko katikati ya ukanda huo. Hakuna bahari, hakuna jangwa, na chakula kipo. Luna kufika Doma ni kuruka nusu ya dunia, mimosae kuwa Doma ni kujaza nafasi kati ya nukta mbili.

Sasa chakula chenyewe. Viwavi wa mimosae, wanene, wa kijani, wenye vinundu mgongoni, wanajulikana kula mng'ongo, pia mcharaka, na jamii ya mbambara. Mng'ongo, Sclerocarya birrea, una nususpishi tatu, yaani aina ndogo ndani ya spishi moja, na Tanzania ndiyo nchi pekee zinapopatikana zote tatu. Kwa hiyo meza imeandaliwa.

Lakini nisikufanye uamini kwamba mti unatosha. Mng'ongo unakwenda hadi Senegali na mimosae hamfuati huko. Mti unakwambia anakoweza kuishi, ila kama kweli anaishi hapo ni lazima mtu amwone. Ndio maana picha ya Ticha ina thamani kuliko maneno yangu yote haya.

Mtoto_wa_Likasi
Jambo kwenu. Mimi ni wa Haut-Katanga. Bi Mrihi umesema mimosae, lakini huku kwetu kwenye miyombo kuna Argema mwingine, kuhnei. Pinhey ndiye alimwandika, mwaka 1969. Yuko Zambia na huku kusini ya Kongo. Ticha naye anasema taa yake iko pembeni ya miyombo. Kwa nini asiwe huyo? Huku watu wetu wanajua viwavi kwa mti kwanza, mama muuzaji sokoni atakuambia kiwavi huyu wa mti fulani kabla ya kukuambia bei. Kuhnei ni wa miti ya Monotes, hauendei mng'ongo.

Bi_Mrihi
Karibu ndugu, umenisaidia kazi. Ndiyo sababu niliuliza kuhusu vifuko kwenye ming'ongo. Watu wakisikia "pori la miyombo" wanadhani msitu mzima ni mti mmoja. Ticha ana ukingo: miyombo huku, mashamba yenye ming'ongo kule, na taa iko kati. Nondo aliyekuja kwenye taa hajakwambia ametoka upande upi. Kifukofuko kinakwambia, kwa sababu kimeshikizwa kwenye tawi la mti alioula kiwavi au jirani yake.

Kuna na wa tatu wa kumkumbuka, Argema besanti, Rebel alimwelezea mwaka 1895, naye ni wa Afrika Mashariki hii hii. Kwa hiyo Ticha tupe picha ya upande wa chini wa mabawa pia, iambatane na kumbukumbu yako, mwenye hoja ya besanti apate cha kupimia.

Pemba_Peku
Assalam alaykum. Na sisi wa visiwani tuna wetu wa mikia, mbona hamumtaji? Mweusi, ana michirizi ya kijani na dhahabu inayowaka juani, anaruka mchana kweupe. Ndiye huyuhuyu jamaa yake?

Bi_Mrihi
Waalaykum salaam. Hapana, huyo ukoo mwingine kabisa. Ni Chrysiridia croesus, familia ya Uraniidae, Gerstaecker alimwelezea mwaka 1871. Ni nondo japo kila mtu anamwita kipepeo. Viwavi wake hula Omphalea, mmea wa familia moja na muhogo na mbarika, wenye sumu yake. Yeye haishi kwa kujificha kama Argema. Rangi zile ni onyo, ndio maana anatembea mchana bila wasiwasi. Mikia wanayo wote wawili, undugu hakuna.

Fursa_Kila_Kona
Maelezo mazuri, sasa tuje kwenye jambo la msingi. Huyo mdudu anauzika? Wazungu wanatoa ngapi?

Bwana_Kijiwe
Nilikuwa najiuliza utachelewa mpaka lini 😂

Bi_Mrihi
Huku Gede mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, wanakijiji wa kando ya Arabuko-Sokoke wanafuga na kuuza pupa wa vipepeo nje kwa vibali. Ni kazi ya kufuga, si kuokota taani. Kwa Tanzania kumbuka serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na Doma iko mlangoni mwa hifadhi. Usijitafutie kesi kwa mdudu wa kuishi wiki moja.

Kifuko kitupu ndicho kina historia ya kutumika. Kusini mwa Afrika wacheza ngoma huvitia vijiwe, wakavitunga kamba na kuvifunga miguuni kuwa njuga.

Ticha_Doma
Nimerudi wakuu. Jumamosi nilitoka na wanafunzi wa klabu ya mazingira, tukapita shamba hadi shamba tukiangalia ming'ongo kuanzia matawi ya chini. Kwenye mng'ongo wa tatu mmoja wao akaona. Picha hizo hapo: kifuko kirefu cha umbo la yai, rangi ya fedha iliyochakaa kidogo, kigumu ukikibonyeza, vitundu kila mahali, kimeshikizwa kwenye kitawi. Mwisho mmoja uko wazi, ndani kuna ganda kavu la pupa. Katika mti huohuo tukapata kingine, kizima, kizito. Hicho tumekiacha palepale. Kwenye miyombo tulipita muda mrefu zaidi, hatukuona.

Nondo mwenyewe tulimwachia usiku uleule. Picha ya chini ya mabawa ninayo moja, si safi sana lakini utepe wa kijivu na macho vinaonekana.

Mwanafunzi aliyesema ameletwa na meli ameniuliza vile vitundu ni vya nini.

Bi_Mrihi
Mwambie mwanafunzi ameuliza vizuri. Kwa yule ndugu yao wa Madagaska maelezo yanayotolewa ni kwamba vitundu vinatoa maji ya mvua, pupa asizame ndani ya kifuko chake. Kifuko cha huku kinaning'inia kiangazi chote na kupokea mvua za kwanza kikiwa bado na mwenyewe ndani, kwa hiyo ina mantiki. Sasa muulize wewe: moto wa kusafisha mashamba ukipita chini ya mng'ongo mwezi wa nane, nini kinatokea kwenye kitawi cha chini? Mpeleke akatazame.

Kwa ushahidi huu mimi naandika Argema mimosae, dume, na sina kigugumizi. Utepe wa kijivu, macho, kifuko, na mti vimekubaliana.

Mtoto_wa_Likasi
Kama ni mng'ongo, sawa. Kuhnei namtoa.

Mzee_wa_Takwimu
Nami nauliza la mwisho. Ile programu ikirekebishwaje isimwambie ticha mwingine wa Songea kwamba ana luna?

Bi_Mrihi
Kwa picha kama za Ticha, zenye jina sahihi na mahali sahihi. Programu ina maelfu ya luna na mimosae wachache kutoka kwetu, kwa hiyo kila cha kijani chenye mkia inakivuta upande wa wengi. Nyingine pia hutambua sura tu bila kuuliza uko nchi gani. Ukipata chaguo la kuwasha eneo, liwashe.

Ticha, unapoweka iNaturalist fanya kumbukumbu mbili, usichanganye: moja ya nondo kwenye taa, moja ya kifukofuko kwenye mng'ongo. Kila moja iwe na tarehe, mahali, na kimo kutoka usawa wa bahari kama simu yako inakionyesha. Kwenye maelezo ya ile ya pili andika jina la mti na kwamba pupa mmoja ameachwa hai. Na usiandike "Morogoro" tu, mkoa ule ni mpana mno.

Selous_Kusini
Niko Liwale. Ming'ongo ninayo nyuma ya nyumba na umeme wa jua umefika mwaka huu. Nianze kuangalia saa ngapi?

Bi_Mrihi
Mvua za kwanza zikishanyesha, usiku usio na mbalamwezi, kuanzia saa nne usiku usogee kuelekea saa sita na kupita kidogo. Taa nyeupe, shuka jeupe nyuma yake, na paka wa nyumbani mfungie ndani. Mchana zungukia matawi ya chini ya ming'ongo yako. Ukipata chochote weka hapahapa kwenye uzi huu, usifungue mwingine.